Ngozi ya Nje na Ngozi ya Ndani: Ukuta wa Mwili wa Mtoto Wako

Kama uko uani unaanika omena, endelea na kazi yako, lakini tega sikio. Na kama umempakata mtoto, mtazame ninapozungumza, kwa sababu leo tunazungumzia kitu unachokiona ukimtazama, na ambacho kimeendelea hadi ndani mwake mahali usipoweza kuona.

Wataalamu hukiita tishu ya epithelia. Jina lisikutishe. Tishu ni kundi la seli zinazofanya kazi pamoja, na epithelia ni zile seli zilizojipanga kufunika. Zimefunika mwili wote kwa nje, na zimetandazwa ndani ya kila mfereji na kila mfuko ulio mwilini: kutoka mdomoni hadi njia ya haja kubwa, kutoka puani hadi kwenye mapafu, ndani ya kibofu, ndani ya mfuko wa uzazi, hata ndani ya mishipa ya damu. Mimi katika kliniki huiita ngozi ya nje na ngozi ya ndani, na ndivyo tutakavyoiita leo.

Imejengwaje? Fikiria sakafu iliyowekwa vigae bila nafasi kati ya kimoja na kingine. Seli hizi zimeshikana ubavu kwa ubavu kiasi kwamba hata maji hayapiti kati yake kiholela. Chini yake kuna kitu kama mkeka mwembamba unaozishikilia mahali pake. Tena, ukuta huu hauna mishipa ya damu. Chakula chake hupenya kutoka kwenye mishipa iliyo chini ya ule mkeka. Bila shaka umewahi kuona mtoto amejikwaruza, akabaki na mstari mweupe usiotoa damu. Hapo ni epithelia tu iliyoguswa. Damu ikitoka, ujue umevuka mkeka.

Jambo jingine la kustaajabisha ni kwamba ukuta huu haukomi kujengwa. Seli za ngozi ya nje huzaliwa chini, hupanda polepole, hufa, kisha hubanduka, na safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja. Uchafu unaousugua mgongoni mwa mtoto wakati wa kuoga, sehemu yake ni seli hizo. Utumbo una haraka zaidi: ngozi yake ya ndani hujibadilisha yote kwa muda wa siku 3 hadi 5. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Sasa, si kila mahali ukuta huu ni wa namna moja. Mahali ambapo kitu kinapaswa kupenya upesi, mwili huweka safu moja tu ya seli, tena bapa na nyembamba. Ndivyo ilivyo ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu. Mahali pa kutengeneza na kuchuja, kama kwenye vijifereji vya figo na vya tezi ya mate, seli ni za pembe nne kama sanduku dogo. Mahali pa kufyonza chakula, ni ndefu, zimesimama kama nguzo za boma. Na mahali penye msuguano mwingi, mdomoni, kooni, ukeni na kwenye ngozi ya nje, mwili hupanga safu juu ya safu. Kibofu cha mkojo kina aina yake, ambayo hutanuka mkojo ukijaa na kurudi ukitoka. Hizo ndizo aina zenyewe, na sitawachosha na majina yake. Tuone zinavyofanya kazi kwa watoto wetu hapa ziwani.

Tuanze na ngozi ya nje. Juu kabisa ina seli zilizokufa na kukauka, ngumu kama ganda. Shika kiganja cha mvuvi anayevuta kamba za nyavu kila usiku, utajua jinsi ganda hilo linavyoweza kuwa nene. Lakini la mtoto mchanga ni jembamba sana, na la mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni jembamba zaidi, ndiyo maana hupoteza joto na maji haraka. Tunawaomba mumweke kifuani, ngozi kwa ngozi, na msimwogeshe kabla ya saa 24 kupita. Ule utando mweupe anaozaliwa nao si uchafu. Humlinda.

Pamoja na ugumu wake wote, ganda hilo lina adui mmoja anayelipita, naye yuko majini humu humu. Ni kichocho. Watu wengi hufikiri lazima mtoto anywe maji machafu ndipo apate kichocho. Sivyo. Konokono wadogo wanaoishi kando ya ziwa, kwenye majani na matope, hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kijidudu hicho kikigusa ngozi nzima, isiyo na kidonda chochote, hutoa majimaji yanayolainisha epithelia, na kwa dakika chache tu kimeshaingia. Mtoto huenda akawashwa kidogo, au asihisi lolote. Kijidudu huingia katika damu, hukua kuwa mnyoo, na hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo, kikitaga mayai kwa miaka. Baadaye ndipo utasikia tumbo linauma, choo kina damu, ini na bandama vimevimba.

Hapa Kisumu jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani waliwafuatilia vijana wanaoosha magari wakiwa wamesimama ndani ya maji ya ziwa, na mwaka 2002 wakachapisha waliyoyaona. Vijana hao walipewa dawa wakapona, wakarudi majini, wakaambukizwa tena. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kuchukua muda mrefu zaidi kabla ya kuambukizwa upya. Lakini hao ni watu wazima walioambukizwa na kutibiwa tena na tena. Mtoto wako wa miaka minne anayekaa majini huku wewe ukifua hana kinga hiyo.

Kwa hiyo, mama, ukienda kufua ufuoni Dunga, Usoma au kwingineko, mtoto akae nchi kavu. Wakati mbaya zaidi ni saa za mchana jua likiwa kali, kwa sababu ndipo konokono hutoa vijidudu kwa wingi, na ndipo watoto wanapopenda sana kuogelea. Maji ya kumwogeshea, yateke uyaweke ndani ya mtungi au jerikeni iliyofunikwa kwa siku mbili, vijidudu vitakufa vyenyewe. Kama huwezi kungoja, yachemshe. Na shule ikitangaza siku ya dawa ya kichocho, usimfiche mtoto nyumbani. Dawa ni prazikwanteli. Ni kweli ina uchungu na huweza kuleta kichefuchefu, ndiyo maana tunasema mtoto ale kwanza.

Kabla sijaiacha ngozi ya nje, neno moja juu ya kuungua. Uji ukimwagikia mtoto, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala majivu. Ngozi mpya huota kutoka kwenye kingo za kidonda na kutoka kwenye mizizi ya nywele iliyobaki ndani, nayo ni mbegu yako. Ukiipaka vitu hivyo unaiharibu na unaleta viini. Funika kwa kitambaa safi, uje.

Sasa tuingie ndani. Utumbo mwembamba umetandazwa safu moja tu ya zile seli ndefu, tena umekunjwakunjwa kama taulo lenye nyuzinyuzi ili nafasi ya kufyonza iwe kubwa. Safu moja! Kati ya kila alichomeza mtoto na damu yake kuna seli moja. Nikifikiria jambo hili, hushangaa kwamba hatuugui kila siku.

Ndiyo maana sisi wauguzi hatuchoki kusema miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama pekee. Nyanya mmoja aliyemleta mjukuu wa miezi mitatu aliniambia, "Sista, mimi nampa maji kidogo tu. Joto hili la Kisumu hata wewe unalijua." Nikamjibu, "Dani, maziwa ya binti yako ni maji zaidi ya themanini kwa mia. Mtoto hana kiu." Akacheka, lakini aliuliza swali zuri: kama ni maji yaliyochemshwa, yatadhuru nini? Nilimweleza hivi. Ngozi ya ndani ya utumbo wa mtoto mchanga bado inajifunga. Maziwa ya mama, hasa yale ya kwanza ya manjano, huipaka kinga na kuisaidia kukomaa. Uji, maziwa ya ng'ombe, maji na vikombe huleta viini, na chakula kisichofaa umri wake huikwaruza. Tena, kila kikombe cha maji ni nafasi ambayo maziwa hayakupata.

Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI jambo hili lina uzito zaidi, nami nataka kulisema wazi kwa sababu huku kwetu tuko wengi tunaoguswa nalo. Ngozi ya utumbo ikiwa nzima, ni kizuizi. Ikikwaruzwa kwa kuchanganyiwa vyakula, virusi hupata mlango. Kati ya 2003 na 2009 kulifanywa hapa Kisumu utafiti uliowapa mama wajawazito wenye virusi dawa za ARV kabla ya kujifungua, na kuendelea wakinyonyesha hadi mtoto atimize miezi 6. Watoto wengi mno walibaki bila maambukizi. Leo mwongozo ni kwamba mama anywe dawa zake kila siku bila kukosa, anyonyeshe maziwa pekee miezi 6, kisha aanzishe vyakula huku akiendelea kunyonyesha. Usimwachishe ghafla kwa hofu, na usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri.

Na kuhara je? Hapa pana siri ninayopenda kuieleza. Akina mama wengi huniambia maji ya ORS hayafanyi kazi kwa sababu mtoto bado anahara. Sikiliza. Kiini cha kipindupindu, kwa mfano, hakiui seli za utumbo. Kinazilazimisha zimwage maji na chumvi kutoka mwilini, kama bomba lililoachwa wazi. Lakini seli hizo hizo zina mlango mwingine ambao ugonjwa hauufungi, nao ni mlango unaopitisha sukari na chumvi zikiwa pamoja. Zikiingia pamoja, maji huzifuata. Ukimpa maji matupu, mengi hupita. Ukimpa soda, sukari ni nyingi mno na huvuta maji zaidi kutoka mwilini hadi utumboni. ORS imepimwa ili ifungue mlango ule. Haizibi kuhara. Kazi yake ni kurudisha kinachopotea, ili mtoto asikauke wakati mwili unapigana.

Nasi watu wa ziwa tunajua kukauka kunavyoua. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za mkoa wa Nyanza wakati huo ziliandikisha wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na watu 547 walikufa. Waliochunguza walikuta hatari kubwa ilikuwa kunywa maji ya ziwa au ya mto, kula pamoja na mtu anayehara, na vyakula vya matangani. Najua kukataa sahani msibani si jambo jepesi kwetu. Lakini unaweza kuhakikisha maji ya kunawa na sabuni viko mlangoni mwa hema, na kwamba mtoto wako anakula chakula cha moto.

Koroga pakiti ya ORS kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, maana nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuhara, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena kijiko kimoja kimoja. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Halafu kuna vile vidonge vidogo vya zinki ambavyo mnaviacha mara tu mtoto anapopona. Mpe siku zote 10 hadi 14 ulizoambiwa. Nilisema utumbo hujijenga upya kwa siku 3 hadi 5, na zinki ni moja ya vifaa vya ujenzi huo. Ukiacha siku ya tatu, umemfukuza fundi nyumba haijaezekwa. Na macho yakididimia, au akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, usingoje kesho.

Njia ya hewa ina ulinzi wa aina nyingine. Seli zake ni ndefu, na juu zina vinywele vidogo sana vinavyopepea pamoja kama mtama shambani ukipigwa na upepo. Kati yao kuna seli za kutoa makamasi. Vumbi na viini hunata kwenye makamasi, na vinywele huvisukuma kuelekea kooni, ambako mtoto huvimeza au huvikohoa. Moshi hulemaza vinywele hivyo, ukiwa mwingi huviua. Mama anayekausha mbuta kwa moshi huku mtoto yuko mgongoni anafanya kazi halali ya kujilisha, simlaumu. Namwomba tu mtoto akae na mtu mwingine upande usio na moshi. Jikoni, jiko la Upesi hupunguza kuni na moshi, na dirisha halina bei kubwa. Chanjo ya nimonia iliingia katika ratiba yetu mwaka 2011, mtoto asiikose. Akikohoa, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2, 60 au zaidi. Wa miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi, mlete siku hiyo hiyo.

Vinywele, makamasi, uangavu wa jicho, vyote vinahitaji vitamini A. Ikipungua, ngozi ya ndani iliyo laini huanza kukauka na kuwa ngumu kama ya nje. Jicho hukauka, mtoto hujikwaa jioni, na mwisho anaweza kupofuka. Matone huanza akiwa na miezi 6, kisha kila miezi 6 hadi atimize miaka 5. Angalieni kitabu cha mama na mtoto, wengi hukoma kuja baada ya chanjo ya surua. Na nyumbani tunayo mengi: osuga, dek, apoth, boo, maembe, mapapai, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, na omena mzima na kichwa chake. Tia mafuta kidogo, vitamini hii hupenda mafuta.

Mwisho, mama mwenyewe. Kwenye mlango wa mfuko wa uzazi aina mbili za epithelia hukutana: ile ya safu moja inayotoka ndani na ile ya safu nyingi ya ukeni. Mpaka huo haujatulia, hasa kwa msichana anayebalehe, na ndipo kirusi kinachoitwa HPV hupenda kuingia. Seli zilizoharibiwa hapo huchukua miaka mingi kugeuka saratani, kwa hiyo tuna muda wa kuziona. Tunapaka siki, na sehemu yenye kasoro hubadilika ikawa nyeupe. Huchukua dakika chache. Mwanamke wa miaka 25 hadi 49 aje, na anayeishi na virusi vya UKIMWI asingoje afike umri huo. Wasichana wa kuanzia miaka 10 wana chanjo, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa kote mwezi Oktoba 2019.

Akina baba nao wana lao. Utafiti wa tohara uliofanywa Kisumu kwa vijana 2,784 ulisimamishwa Desemba 2006 kabla ya wakati, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba waliotahiriwa waliambukizwa virusi kwa kiasi cha karibu nusu tu ya wenzao. Sababu inayotajwa ni ile ile ya leo: upande wa ndani wa govi una ganda jembamba kuliko ngozi nyingine. Ni nusu tu, si kinga kamili, mipira ya kondomu bado inahitajika.

Nina swali moja ambalo huulizwa kila nikizungumzia haya: je, kuosha ndani ya uke kwa sabuni, dawa ya kuua viini au majani kunasaidia? La. Ukuta wa uke huweka sukari ndani ya seli zake, na kuna bakteria wema wanaoila na kutoa asidi inayozuia viini vingine. Ukiosha ndani unawafukuza hao na kuukwaruza ukuta. Osha nje tu, kwa maji. Ukiwa na uchafu wenye harufu, mwasho au maumivu, njoo kliniki na bwana aje pia, tuwatibu wote wawili.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo, nitazungumza juu ya kumwanzishia mtoto chakula akifika miezi 6. Mbaki salama.